Ukiuliza "Kuna Swali?" Hujauliza Kitu

"Kuna swali?"

Hayo ndiyo maneno mawili ya uongo zaidi katika vyuo vikuu vya Kenya. Lec amemaliza karibu masaa mawili ya kusoma slaidi, anafunga laptopu, anatupa jicho juu ya vichwa 400, halafu anauliza, "Kuna swali?" Sekunde tatu. Kimya. "Sawa, basi tuko pamoja. Tukutane wiki ijayo." Kabla umalize kufunga begi, ameshafika mlangoni.

Hapana, Daktari. Hatuko pamoja. Wewe uko slaidi ya 64, sisi wengine tulishuka slaidi ya 9, na hujui juu hujawahi kutuuliza.

Leo nataka kusema jambo moja tu, na nitalisema bila kuzunguka. Kimya cha darasa si ushahidi kwamba darasa limeelewa. Kila mwanafunzi anayelipiwa karo ya kukaa kwenye ule ukumbi ana haki ya kuulizwa anaelewa nini, kwa njia ambayo anaweza kujibu bila kuaibishwa, kabla mtihani haujamuuliza. Hiyo njia ipo. Ina zaidi ya miaka 30. Na inaweza kufanywa kwa bei ya fotokopi moja.

Kwanza tuelewane kuhusu hicho kimya, juu kuna watu wanadhani ni uvivu. Eti komredi hapendi kusoma. Hebu fikiria. Kuuliza swali mbele ya watu 400 unahitaji vitu vingi kwa wakati mmoja. Unahitaji sauti inayofika mbele, juu maiki ni moja na iko kwa lec. Unahitaji Kiingereza kilichonyooka, na swali lako limezaliwa kichwani kwa Kiswahili au kwa Sheng. Unahitaji moyo wa kuvumilia wale wasee wa safu ya mwisho ambao kazi yao ni kucheka. Halafu unahitaji bahati, usije ukajibiwa, "Hiyo tulifanya wiki ya pili, kwani ulikuwa wapi?" Mtu mmoja akijibiwa hivyo wiki ya tatu, ukumbi mzima umefungwa mdomo hadi mwisho wa semesta.

Na hao ni wale wenye swali. Yule aliyepotea kabisa hana hata swali. Ili uulize, lazima ujue ni wapi umekwama. Ukiwa gizani kabisa, huwezi kuonyesha kidole mahali taa imezima. Kwa hivyo "Kuna swali?" inawafikia watu wawili au watatu pale mbele ambao tayari wameelewa nusu. Wengine wote ni mapambo.

Tena tumefunzwa hivi tangu nursery. "Tuko pamoja?" "Ndiooooo, mwalimu!" Unakumbuka? Darasa zima linaimba, pamoja na yule mtoto ambaye penseli yake imevunjika tangu saa mbili na hajaandika kitu. Huo ndio mfumo wetu wa kupima kama watu wameelewa. Chuoni tuliacha kuimba tu, uongo ukabaki.

Kwa nini nalipigia kelele sasa? Kwa sababu kumbi hazipungui. KCSE ya 2023, watahiniwa 201,133 walipata C+ na zaidi. Ya 2024, wakawa 246,391. C+ ndiyo tiketi ya digrii, kwa hivyo hiyo ni nyongeza ya zaidi ya watu 45,000 wanaostahili kiti, kwa mwaka mmoja. Viti havijaongezeka hivyo, wala wahadhiri. Ndio maana zile yuniti za pamoja za mwaka wa kwanza unakuta kozi tano zimerundikwa ukumbi mmoja, wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine wako dirishani kama wanatazama mechi. Ukubwa wa darasa hauwezi kupungua kesho asubuhi. Swali ni kama ndani ya hilo darasa kubwa mtu mmoja mmoja anaweza kusikika.

Anaweza. Na hapa ndipo tunafika kwa ile kitu wenzetu wanaita klika.

Klika ni kidude kama rimoti ndogo. Kila mwanafunzi anacho chake. Lec anaweka swali kwenye skrini, lina majibu A, B, C na D. Kila mtu anabonyeza jibu lake kimyakimya. Kompyuta ya lec inakusanya yote kwa sekunde chache na kuonyesha ni wangapi wamechagua nini. Siku hizi wengi wameacha kidude na wanatumia simu, kupitia programu kama Mentimeter, Poll Everywhere au Kahoot. Hakuna anayejua wewe umejibu nini. Lakini lec anajua darasa limejibu nini.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena, juu utamu wote uko hapo.

Aliyeifanya njia hii ijulikane sana ni mwalimu wa fizikia wa Harvard anayeitwa Eric Mazur. Alikuwa mwalimu anayependwa, wanafunzi wake wanakokotoa hesabu ngumu wanapata. Mwaka 1990 akakutana na mtihani wa maswali mepesi kuhusu nguvu na mwendo, maswali ya maneno tu, hayana fomula. Akawapa wanafunzi wake akijua watamaliza wakicheka. Wakaanguka vibaya. Watu wa Harvard, wasee. Walikuwa wamekariri jinsi ya kupata alama bila kuelewa kinachoendelea duniani.

Nikupe mfano wa aina hiyo ya swali. Trela limegongana uso kwa uso na Probox barabara ya Nakuru. Wakati wa kugongana, ni nani amempiga mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi?

A. Trela limeipiga Probox kwa nguvu kubwa zaidi.
B. Probox imelipiga trela kwa nguvu kubwa zaidi.
C. Nguvu ni sawa kwa sawa.
D. Inategemea nani alikuwa anakimbia zaidi.

Umechagua? Wengi wanachagua A, hata waliopata A ya fizikia Form Four. Jibu ni C. Ndiyo ile sheria ya tatu ya Newton tuliyoimba kama wimbo wa taifa: kila tendo lina mwitikio ulio sawa nalo. Probox inakunjika kama karatasi kwa sababu ni nyepesi, mwendo wake unabadilika kwa ghafla kubwa zaidi, lakini nguvu ni ile ile pande zote mbili. Uliimba sheria, ukaifaulu, na hukuwahi kuiamini. Je, nani angejua? Hakuna aliyekuuliza.

Mazur akaanza mwaka 1991 kufundisha kwa njia nyingine. Anaeleza jambo moja kwa dakika chache, anaweka swali. Kila mtu anajibu peke yake, bila kuongea. Halafu anawaambia: geuka kwa jirani yako, mtafute mwenye jibu tofauti, mshawishi. Ukumbi unalipuka kwa kelele dakika mbili. Halafu wanapiga kura tena kwa swali lile lile. Mwisho lec anaeleza. Kipimo chake ni rahisi: wakiwa chini ya asilimia 30 ndio wamepata mara ya kwanza, rudia somo, hakuna cha kujadili. Wakiwa zaidi ya 70, eleza kidogo, songa mbele. Katikati hapo ndipo mjadala unachemka.

Kwa nini jirani anaweza kukueleza ukaelewa wakati profesa ameshindwa? Kwa sababu jirani ameelewa dakika tano zilizopita. Bado anakumbuka mahali palipomchanganya. Profesa aliacha kuchanganyikiwa na hilo jambo kabla wewe uzaliwe.

Najua kuna mtu anasema, hiyo si ni kopi tu, mwenye hajui anamfuata mwenye anajua. Swali zuri, na limejibiwa. Mwaka 2009, jarida la Science lilichapisha utafiti wa wanafunzi wa jenetiki katika Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder. Baada ya mjadala, walipewa swali la pili, tofauti, lakini la wazo lile lile, wajibu kila mtu kivyake. Walifanya vizuri zaidi. Hata kwenye vikundi ambavyo kwa hesabu ilionekana hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu mwanzoni. Yaani watu wasiojua, wakibishana vizuri, wanaweza kufika. Kila aliyewahi kukesha na discussion group usiku wa kabla ya CAT anajua hii si uchawi.

Na mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 za madarasa ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakalinganisha kumwaga somo tu na njia zote zinazomfanya mwanafunzi ashughulike, hizi za kura zikiwemo. Kwenye madarasa ya kumwagiwa tu, karibu asilimia 34 walianguka. Kwenye yale mengine, karibu 22. Chukua ukumbi wa watu 400, uweke hizo asilimia, utoe. Ni kama watu 48. Watu 48 ambao hawarudii yuniti, hawalipi tena, hawapigii mzazi simu ya aibu, hawachelewi graduation kwa mwaka. Mahali mzazi ameuza ng'ombe, au umechukua mkopo wa HELB utakaokufuata hadi ukizeeka, huo si mzaha.

Sasa, kabla mkurugenzi fulani wa chuo aamke na tenda ya klika 10,000, niseme kitu: hatutaki kidude. Tunataka swali.

Niko serious. Najua hii nchi yetu. Ukisema "teknolojia darasani", kesho kuna uzinduzi, kuna utepe wa kukatwa, kuna fulana, na baada ya miezi sita vifaa viko kwenye stoo na betri zimevuja. Au mbaya zaidi, vinageuzwa kuwa polisi.

Kwa sababu kitu cha kwanza ambacho chuo kitafikiria ni mahudhurio. "Vizuri, sasa tutajua nani hayupo!" Buda, pole. Sisi ndio taifa la "nisainie". Karatasi ya mahudhurio inapita ukumbini na majina 400, na macho ukumbini ni 300, yaani watu 150. Unafikiri kidude kitatushinda? Komredi mmoja atakuja na klika kumi kwenye begi, anabonyeza kama mtu wa M-Pesa siku ya mwisho wa mwezi. Na si sisi tu. Mwaka 2014 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, wanafunzi 64 walishtakiwa kwa udanganyifu, klika za watu wasiokuwepo zilikuwa zinajibu darasani. Kozi yenyewe ilihusu michezo na maadili. Maadili! Ukigeuza sikio kuwa polisi, watu wanaacha kusema ukweli. Hiyo haina haja ya PhD.

Ni hivyo hivyo na alama. Ukisema kila jibu lisilo sahihi linakata alama kwenye CAT, umeua kitu kizima. Kila mtu atachungulia kwa yule msee anayejua, chati itakuja imesimama vizuri, asilimia 95 wamepata, na lec atarudi ofisini akitabasamu. Umenunua "Ndiooooo, mwalimu" ya kidijitali.

Halafu kuna suala la nani anabaki nje. Ukiweka kila kitu kwenye simu, umesema mwenye mulika mwizi hahesabiki. Umesema mwenye hana data leo hana maoni leo. Wi-Fi ya chuo tunaijua, watu 40 wakiingia inaanza kuzunguka, sembuse 400. Kama ni lazima iwe simu, basi iwe kitu kinachopita kwa SMS au USSD na chuo kilipie, juu hiyo hata mulika mwizi inafanya. Lakini si lazima iwe simu.

Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje mara mbili, upate robo nne. Kwenye kila robo andika herufi moja kubwa: A, B, C, D. Umemaliza. Hiyo ndiyo klika yako. Lec akiuliza, unakunja karatasi herufi yako ibaki mbele, unaishikilia kifuani, si juu ya kichwa. Ukiwa kifuani, walio nyuma yako hawaoni. Lec aliye mbele anaona. Wote mnainua kwa hesabu ya tatu, kwa hivyo hakuna wa kumfuata. Lec anapitisha macho tu: hii upande ni B tupu, kule ni C, hapa katikati wamegawanyika. Hahitaji asilimia kamili. Anahitaji kujua kama tuko naye au tumeachwa stage.

Hata Mazur alianza bila vidude. Na mwaka 2008 mwalimu wa fizikia kule Kanada, Nathaniel Lasry, alichapisha matokeo ya kulinganisha darasa la kadi na darasa la klika. Wanafunzi walijifunza sawa. Klika inamsaidia lec kuhifadhi takwimu na kura inakuwa siri zaidi. Kwa kujifunza kwenyewe, njia ndiyo ilifanya kazi, si plastiki.

Kwa hivyo mtu asituambie "hakuna bajeti". Bajeti ya karatasi robo ipo. Kinachokosekana ni swali zuri, na hapo ndipo kazi ilipo kweli.

Swali zuri si "Newton alizaliwa mwaka gani?" Hiyo ni quiz ya runinga. Swali zuri ni lile ambalo kila jibu lisilo sahihi linafichua kosa fulani. Nikupe la watu wa uuguzi na famasia. Mtoto ameandikiwa miligramu 250 za dawa. Chupa inasema kuna miligramu 125 kwa kila mililita 5. Utampa mililita ngapi? A, 2. B, 5. C, 10. D, 50.

Jibu ni 10. Sasa angalia waliosema 2. Hao wamegawanya 250 kwa 125 wakasimama hapo, wakasahau kwamba kila kipimo ni mililita 5. Waliosema 5 wamesoma lebo ya chupa bila kusoma agizo la daktari. Waliosema 50 wamepotea kwenye kuzidisha. Lec akiona nusu ya ukumbi imeinua A, hajajua tu kwamba wamekosa, amejua wamekosa wapi. Anaweza kurekebisha kwa dakika tatu. Asipouliza, lile kosa linahitimu. Linavaa gauni, linapigwa picha na shada la maua, linaingia wodini. Na mtoto wa mtu analala pale.

Hiyo ndiyo sababu sichukulii hii kama mambo ya kufanya darasa liwe la kuchangamsha. Ni suala la nani analipia kimya chetu. Leo ni sisi na retake. Kesho ni mgonjwa, ni mteja wa wakili, ni mtu anayelala chini ya jengo ambalo injinia alikuwa safu ya 22 na hakusikia.

Watu wa sanaa na sheria watasema, "Sisi kozi zetu si za ABCD." Kwenu ndio itanoga zaidi! Makanga anaita, "Tao fifty, tao fifty!" Umepanda, mko njiani, sasa anadai mia. Kisheria, ile kelele yake pale stage ilikuwa nini? Ni ahadi inayomfunga ukishapanda, au ni mwaliko tu wa biashara? Piga kura. Halafu geuka kwa jirani umwambie kwa nini. Mia nne wanabishana kuhusu sheria ya mikataba na hakuna aliyelala. Hapa kura haitafuti jibu moja. Inakulazimisha uchukue upande kabla wakili wa upande wa pili akuchukulie.

Tahadhari moja kwa lec atakayejaribu: usionyeshe matokeo kabla watu wajadiliane. Watu wakiona C inaongoza, wengi wanahamia C bila kufikiri. Hiyo imeonekana kwenye madarasa ya biolojia Marekani. Sisi tuliokulia siasa za "wimbi" hatuhitaji kuelezwa.

Sasa tuje kwa ile sababu kubwa ambayo kila lec anayo mfukoni: "Sitamaliza silabasi."

Daktari, kwa heshima. Silabasi imemalizwa na nani? Ukimaliza peke yako, hiyo umesoma, hujafundisha. Mtu akiendesha matatu kutoka Rongai hadi tao bila kusimama stage yoyote, amefika mapema sana, lakini amefika na nani? Maswali matatu kwa kipindi, kila moja dakika tano au sita, ni dakika 18 hivi kwa masaa mawili. Zile slaidi ambazo ungesoma kwa hizo dakika 18, tutumie PDF. Tunajua kusoma. Kitu ambacho hatuwezi kufanya peke yetu usiku kwa keja ni kujua tumeelewa vibaya.

Na najua pia mko na yenu. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa 2025 ulikaa wiki saba kabla mrudi kazini, mkidai pesa mlizoahidiwa. Wengine mnafundisha vyuo vitatu kwa wiki, mkiruka na boda kati ya kampasi. Kutunga maswali mazuri ni kazi, na hiyo kazi ilipwe. Mkiidai, mtatukuta upande wenu. Lakini swali likishatungwa ni lako, unalitumia mwaka baada ya mwaka, tofauti na marking. Na idara yenye wahadhiri kumi ikitunga maswali kumi kila mtu, hiyo ni benki ya maswali 100.

Sasa sisi. Msidhani makomredi mmepona.

Mwaka 2019 Harvard walichapisha jambo la kuchoma. Waliwagawa wanafunzi wa fizikia: wengine wakapewa mhadhara mtamu wa kusikiliza, wengine somo lile lile kwa kushughulika wenyewe. Walipoulizwa, waliosikiliza walihisi wamejifunza zaidi. Walipopimwa, waliojifunza zaidi ni wale walioshughulika. Yaani kuchekechwa akili kunahisi kama kushindwa, na kumwagiwa maneno matamu kunahisi kama kuelewa. Ndio maana lec akijaribu kitu kipya tunanung'unika: "Huyu si afundishe tu, atupe notes." Tunataka notes za manjano alizorithi, tuzikariri, tuandike mwakenya pale tunaposahau, tutoke na digrii. Halafu tunalia kwamba waajiri wanasema hatujui kazi.

Kwa hivyo haya ndiyo madai yangu, na yanaelekea pande zote.

Kwa wahadhiri: maswali matatu kila kipindi. Jibu liwe la siri. Lisibebe alama. Lisiwe mahudhurio. Na muhimu kuliko yote, ukiona nusu ya ukumbi imepotea, ubadilishe njia hapo hapo. Kutuuliza, kuona tumepotea, halafu kuendelea na slaidi ya 65, ni heri usingeuliza. Ni daktari kukuuliza unaumwa wapi, unasema tumbo, anakuandikia dawa ya macho.

Kwa vyuo: mnapopima lec mwisho wa semesta, acheni kutuuliza kama alikuja kwa wakati na kama alivaa vizuri. Tuulizeni: ni mara ngapi aliangalia kama mmeelewa? Wekeni hilo swali kwenye fomu muone venye mambo yatabadilika.

Kwa makomredi: usingoje. Rep wa darasa aende kwa lec mmoja tu, yule msikivu, kwa adabu, amwambie, "Daktari, darasa linaomba tujaribu maswali matatu wiki ijayo, kadi tutaleta sisi." Sisi tulete. Karatasi iko kwa daftari lako saa hii. Lec akikataa, fanyeni kwenye discussion group: mmoja anatunga swali, wengine wanapiga kura kabla ya kubishana. Na siku kadi zikiinuka ukumbini, inua jibu lako wewe, si la msee aliye mbele yako. Ukiinua A na ni C, hakuna aliyekufa. Umepata habari ambayo ungeipata Desemba ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu.

Lakini hii ya "Kuna swali?" iishe. Safari ijayo lec akiuliza na ukumbi ukanyamaza, mtu mmoja aseme kwa heshima: "Ndiyo, Daktari. Swali letu ni moja. Utatuuliza lini?"